Pumzi Mahali pa Jina

Galway, Ireland
9 Oktoba 1968

Da Mahfoudha,

Salamu hizi zianze kwako, zimfikie Baba, na zikibaki mgawie anayeniulizia hapo Matrah, ikiwa yupo. Mie mzima, ila kifua. Mvua ya huku haina adabu, haipigi hodi, na koti langu ni lile lile nililonunua mwaka sitini na moja, wakati serikali ya Unguja bado ikinilipia masomo. Mguu wako vipi? Macho ya Baba vipi? Umeandika kwamba sasa haoni ila mwanga wa mlangoni. Nimeusoma mstari huo mara tatu. Na nisamehe mwandiko, dada. Herufi za Kiarabu alizotufundisha Baba sina wa kumwandikia huku, mkono unasahau.

Kazi ni ile ile. Mapadri wananipa chumba na chakula, nami nawaandikia kadi za maktaba yao, kitabu kimoja kadi moja, Kiyunani na Kilatini. Nimepita kadi elfu sita. Vingi ni vya Wakristo wa mwanzo mwanzo, na utashangaa, karibu wote wanagombana juu ya jambo moja: elimu ya Wayunani, waabudu masanamu wale, mtu wa dini aiguse asiiguse? Mmoja, mtu wa pande za Tunis, mkali huyo, anasema sisi na Athene hatujuani kabisa. Mwengine, mzaliwa wa Nablus, alikuwa mwanafalsafa kabla hajaingia dini yao, na alipoingia akakataa kulivua joho la wanafalsafa. Akasema kila aliyeishi kwa akili na haki zamani zile, hata yule mzee wa Athene aliyenyweshwa sumu, alikuwa wa upande wao bila kujijua. Akatembea na joho lake mpaka siku aliyouliwa. Nnampenda huyu. Labda kwa kuwa na mimi nina koti moja tu.

Haya, sasa linaloniuma. Barua zako tatu za mwisho hazina salamu ya Baba. Zamani ulikuwa ukimalizia, "Baba anakuombea." Siku hizi unaandika, "Baba yupo." Yupo! Hata ukuta upo. Nimekosa nini? Usinifiche, dada yangu, nimechoka kubahatisha.

Mdogo wako,
Thani


Matrah, Maskati
22 Disemba 1968

Mdogo wangu Thani,

Barua yako imefika juzi, miezi miwili na zaidi njiani, imelowa upande mmoja ikakauka. Alhamdulillahi tupo. Joto limetuhurumia kidogo. Maji bado ya kuchota, mguu bado wa kuburura. Nna watoto wa kike kumi na mmoja wanakuja ukumbini kusoma msahafu, na wakishamaliza nawafundisha na mengine ambayo siyaandiki hapa, maana kwa hapa hata miwani watu wanaitazama mara mbili. Kheiria, jirani yetu tuliyetoka naye Unguja meli moja, kaja tena kuazima mbuzi yangu. Watu walikimbia na dhahabu zao, mimi mwendawazimu nikakimbia na mbuzi ya kukunia nazi, nije nchi isiyokuwa na mnazi! Wakicheka, na mimi nacheka.

Umetaka nisikufiche. Unajua Baba akishasali Alfajiri anavyotuombea pepo, jina kwa jina. Anaanza na Mama, "Mola mrehemu Hind." Kisha mimi. Kisha Ghanim, ndugu yetu, ambaye hata kaburi lake hatulijui. Kisha ulikuwa wewe. Sasa hutajwi. Akishamtaja Ghanim anavuta pumzi, ndefu, mahali pale lilipokuwa jina lako, halafu anasema amin. Kila siku nipo nyuma yake naisikia.

Kakuweka kwenye wukufu. Hilo huna haja nikueleze, lakini nitaliandika, maana na mimi nimeliuliza: hakukatai, hakukubali. Kasimama. Amesikia kwamba unakaa na mapadri na kula kwao na kusoma vyao, hana yakini kama bado ni mwenzetu, na asiyekuwa na yakini naye hamuombei pepo. Ndivyo alivyosomeshwa katika madhehebu yetu, na Baba si mtu wa kupunguza kipimo kwa ajili ya mwanawe.

Barua yako nimemsomea. Tulipofika kwa yule wa Nablus akauliza, si kukuuliza wewe, aliiuliza hewa, "Joho lenyewe lilikuwa twahara?" Basi, akageukia ukuta.

Kula. Usinywe chai tupu.

Dada yako,
Mahfoudha


Galway
3 Machi 1969

Da Mahfoudha,

Nimepata barua yako asubuhi, na mpaka jioni sikuandika kadi hata moja. Mola akupe nguvu ya mguu huo. Mpe Kheiria salamu zangu, mwambie mbuzi ina mwenyewe.

Amesikia. Kasikia kwa nani? Mie sikuficha kwamba nnakaa kwa mapadri. Masomo yalipokatika baada ya mapinduzi, nani mwengine alinifungulia mlango? Niliandika yote katika ile barua ya mwaka sitini na sita, na niliandika mengine pamoja na hayo. Dada, nakuuliza mara moja tu, sitarudia. Ile barua ilisomwa yote?

Mwambie Baba nnasali. Sijaacha hata kipindi kimoja.

Mwambie na hili, maana najua hapati usingizi bila ya kuulizwa swali. Kuna mwanachuoni wao mmoja wa Iskandaria, alimwandikia barua mwanafunzi wake. Kijana anasoma falsafa ya Wayunani na hana hakika kama inafaa. Mwalimu akamwambia, Wana wa Israili walipotoka Misri walitoka na mapambo ya Wamisri, dhahabu na vitambaa vya watu waliokuwa wakiabudu masanamu, na kwa dhahabu ile ile wakatengeneza vyombo vya ibada ya Mola. Basi nawe chukua kwa Wayunani hesabu yao, nyota zao, mantiki yao, ukajengee dini. Wengine wao wakazidisha, wakasema Wayunani wenyewe hekima yao waliiba kwa Nabii Musa, kwa hivyo anayeichukua anarejesha mali ya nyumbani tu.

Na Baba alitufundisha mantiki, Da Mahfoudha. Wewe na mimi na Ghanim, kibarazani, kwa bakora. Mantiki ile ilitoka kwa nani?

Nimeomba ruhusa ya kuingia Maskati mara ya tatu. Kimya.

Thani


Matrah
18 Mei 1969

Thani ndugu yangu,

Salamu zako zimefika. Joto limerudi na visasi vyake. Wanafunzi wangu wamebaki wanane, mmoja kaolewa, wawili baba yao kasikia habari za yale mengine. Bibi Rahila, shangazi yake Kheiria, kafariki wiki iliyopita, Mola amrehemu, tulikuwa naye kwenye meli.

Baba kasema. Narudia hakusema nikwambie, alisema tu na mimi nilikuwepo. Juu ya kusali kwako: "Neno alilolisema mtu kabla ya kuulizwa ni neno. Alilolisema baada ya kutuhumiwa ni utetezi. Mtu hajishuhudii. Nataka mashahidi wawili waadilifu waliomuona." Nikamwambia huko mji mzima Muislamu ni yeye na kivuli chake. Akasema, "Basi kivuli mmoja, bado mmoja." Na alicheka, Thani. Kidogo. Nimemsikia.

Juu ya dhahabu ya Misri hakulala. Kabla ya Alfajiri ananiita, "Mahfoudha! Kuna mtu angeuliza: na ndama je?" Nikamwambia Baba, ndama gani saa hizi? "Mapambo yale yale ndiyo waliyoyayeyusha wakafanya ndama wakamuabudu. Huyo bwana wa Iskandaria kalisahau hilo?" Na wale wa kusema Wayunani waliiba kwa Nabii Musa kawakasirikia khasa. "Anachukua cha mtu, kisha anamwita mwenyewe mwizi! Angesema tu, nimekitoa kwa fulani, Mola amlipe." Halafu akasema, "Waliochukua nyumba yetu ya Malindi, Unguja, nao ndivyo wanavyosema."

Daktari wa hospitali ya wamisheni hapa Matrah kampima. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia ni mtoto wa jicho, linaweza kufunguliwa. Baba hajakata shauri. Afadhali kufa macho kuliko kufa moyo, anasema. Tusimharakishe.

Nimechoka, nalala.

Mahfoudha


Galway
30 Julai 1969

Da Mahfoudha,

Pole kwa Bibi Rahila. Nnamkumbuka kwa bagia zake. Kifua kimetulia, na padri mzee kanipa soksi za sufu alizozifuma dada yake, nzito ajabu, zinawasha.

Msomee Baba hili polepole. Bwana wa Iskandaria hakumsahau ndama. Katika barua ile ile, baada tu ya dhahabu, anamwambia mwanafunzi wake kwamba wachache sana wanaotoka Misri na kitu chenye faida, na kwamba yeye mwenyewe kaona wengi waliochukua werevu wa Wayunani wakaurudisha katika dini yao kwa sura ya masanamu. Nilipokiandikia kadi kitabu kile mwaka jana niliupita ukurasa huo sikuuona. Baba, bila macho, kauona.

Na ndama wao mimi namjua. Walilichukua neno la Wayunani, lile la akili inayoupanga ulimwengu, wakalishona vazi wakamvisha Nabii Issa, mpaka mwana wa Maryam hajulikani tena ndani yake. Hapo mimi na Baba tuko pamoja. Huo nao ni utetezi, najua.

Juu ya nyumba ya Malindi. Sina hakika kwamba waliobebeshwa mawe ya kuijenga wangesema ilikuwa yetu. Ukiona hilo halifai kusomwa, liruke.

Sasa jicho. Mwambie Baba mtoto wake kasema hivi: kisu cha daktari wa Kikristo nacho ni dhahabu ya Misri. Alifumbue jicho halafu aamue mwenyewe atalitazamisha nini, kibla au ndama. Nakuomba, dada, mpeleke.

Thani


Galway
12 Januari 1970

Da Mahfoudha,

Miezi mitano. Kama kuna msiba niambie. Kama hakuna, niambie.

Thani


Matrah
14 Aprili 1970

Thani,

Hakuna msiba. Hakuna aliyekufa. Nakuandikia baada ya miezi kumi na mmoja, na kalamu naiona nzito, kwa hivyo salamu zote zipokee kwa pamoja, za Kheiria na za wasichana, wamebaki sita.

Nianze na zuri. Baada ya ile habari ya ndama zilipita siku nne, kisha asubuhi moja nikasikia jina lako. Nilidhani nimesinzia kwenye msala. Akaomba, "Mola mpe Thani joto. Mola mponye kifua Thani. Mola mpe Thani koti jengine." Nikamuuliza, Baba, na wukufu? Akanijibu kwa ukali, "Pepo sijamuombea! Dua ya dunia inajuzu hata kwa jirani asiyekuwa wetu. Jifunze." Tangu siku ile kila alfajiri anakuombea soksi, chakula, ruhusa, meli isiyoyumba. Orodha inazidi. Kisha anafika mahali pa pepo, anavuta pumzi ile ile.

Sasa mimi.

Ile barua ya sitini na sita haikusomwa yote. Unajua. Uliandika, "Nnakaa nyumba ya mapadri." Mstari unaofuata uliandika, "Padri mzee kaniazima dira nikatafuta kibla chumbani kwangu, na sijaacha kipindi." Nilisoma wa kwanza. Wa pili niliuona, nikakunja karatasi. Baba akauliza, "Ndiyo basi?" Nikamwambia ndiyo basi. Hakuna mwengine aliyemwambia, Thani. Ni mimi.

Hukuniuliza kwa nini, nitakwambia. Siku ile ilikuwa imetimia miaka miwili tangu auliwe Ghanim. Nilikuwa nimetoka kisimani mara ya tatu, mguu umevimba, na Baba amejikwaa kwenye debe maji yote yamemwagika. Ndipo ikaja barua yako. Nikasema moyoni, huyu anaazimwa dira, mimi nani kaniazima hata bega? Nilitaka siku moja tu Baba awe na mtoto mmoja. Nikadhani kesho nitaurudia ule mstari. Kesho yake akavuta pumzi ile, na mimi nikaogopa. Uongo wa siku moja ukazeeka miaka minne ukumbini kwangu.

Na jicho si Baba aliyekataa. Daktari alisema mwaka mmoja kabla sijakuandikia, na mimi ndiye niliyesema tungoje. Baba akipata jicho ataitaka ile barua aisome, na mwandiko wako anaujua. Basi ilipofika ile yako ya kisu na dhahabu ya Misri, nilikaa nayo wiki mbili. Ningeweza kuuruka mstari huo, mkono ushazoea. Nilisoma yote. Hata ya mawe ya Malindi uliyoniambia niliruke. Nilikuelewa. Kwa hayo ya mawe Baba alisali adhuhuri kwanza, ndipo akasema, "Hakukosea." Kwa kisu akasema, "Nipelekeni."

Alifunguliwa jicho mwezi wa pili. Anaona! Alipofunuliwa kitambaa akanitazama mimi kwanza, akasema, "Umezeeka, mama." Siku ya tatu akasema nileteeni barua za Thani. Sikungoja asome. Nilipiga magoti nikamwambia yote kama nilivyokwambia wewe. Hakunikemea. Akaipokea ile barua, akaisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, saa nzima. Akasema, "Hili ni neno la kabla ya kuulizwa." Nikasema ndiyo, Baba. Akasema, "Yakini yangu iliondoshwa kwa nusu ya karatasi. Nimemdhulumu." Akainuka akenda kutia udhu.

Alfajiri ya pili yake umetajwa, Thani. Kwa pepo, jina kamili. Hongera, ndugu yangu. Nilikuwa nyuma yake nikalia kwa furaha, wallahi ilikuwa furaha.

Ila alianza na Mama, kama kawaida. "Mola mrehemu Hind." Kisha, mahali pangu, akavuta pumzi.

Nimetubu, nimemwambia nimetubu. Anasema anangoja mashahidi.

Chakula chake nampikia. Anakula, anasema ahsante.

Mahfoudha


Galway
28 Septemba 1970

Kwa mzazi wangu, Bwana Marhoon,

Baba, nakubusu mkono na kichwa. Hii ni barua ya kwanza nnayokuandikia wewe tangu macho yako yafunge, na najua utaisoma mwenyewe kwa kidole, bila ya mtu kati. Barua ya Da Mahfoudha ilinifikia mwisho wa Juni. Nimeandika jibu mara tano nikalichana.

Katikati yake zikaja habari kwamba huko kaingia sultani mpya, nikaomba ruhusa mara ya nne, na safari hii wamejibu. Nnakuja mwezi wa kumi na mbili, inshaallah. Nitakuja na kifua changu, koti langu na dira. Padri mzee amekufa, kaniachia. Kadi nimefikia elfu tisa, zilizobaki watamalizia wenyewe.

Umenirudisha, Baba, na sina neno la kukushukuru linalotosha. Lakini nimekaa huku miaka tisa nikiwasoma watu waliouliza mtu achukue nini kutoka Misri na aache nini, na najua dada yangu alitoka na nini. Anakuambieni mbuzi ya nazi. Muongo. Alitoka na wewe. Ghanim kesha kuuliwa, mimi siko, na wewe huioni njia, akakushika mkono mpaka melini na hajauacha mpaka leo.

Unataka mashahidi wawili wa toba yake. Wa kwanza ni mimi niliyedhulumiwa. Nilijua, Baba. Nilimuuliza kama barua ilisomwa yote, akanijibu kila kitu isipokuwa hilo, nikajua. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakula mkate wa mapadri na yeye anachota maji. Nashuhudia kwamba alisoma mstari wa jicho lako akijua ndio utakaomfichua, na angeweza kuuruka. Toba nyengine mimi siijui.

Wa pili usimtafute mbali. Ni mtu muadilifu, ana jicho moja zima, na kwa miaka sita hajala ila kilichopikwa kwa mkono wake. Shahidi wa pili ni wewe.

Usingoje nifike. Alfajiri ya kesho, ukishamtaja Mama, usivute pumzi.

Mwanao,
Thani